Siku Mtani Aliposahau Kutukana

Mama yangu aliuza ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika, katika soko la Kalemie, na jirani yake wa meza, mama mmoja muuza mafuta ya mawese, alikuwa mtani wake. Sisemi mtani kwa maana ya rafiki mcheshi. Koo zao zilikuwa za watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo kutukanana ilikuwa haki yao na kuzikana ulikuwa wajibu wao. Sisi watoto, ambao kwa desturi yetu tunahesabiwa ukoo wa mama, tulikuwa watani wake pia. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, navaa soksi, na niliona mambo ya kupayuka sokoni hayanihusu. Mtani akinitukana nilitabasamu tu kama mke wa mchungaji, nikapita.

Wao walianza asubuhi, kabla bidhaa hazijapangwa mezani. Mama alipima ndagala kwa kopo, na Mtani aliapa mbele ya wateja waliotoka Niemba kwamba kidole gumba cha Mama kinashinda ndani ya kopo hilo.

“Watu wa Niemba, muangalie! Huyu mama anauzisha kidole! Kidole chake kinafika mpaka Kongolo, na kingali ku mukono wake!”

Mama hakukawia kujibu. “Na weye mafuta yako iko na maji mingi! Ndagala wakiingia ndani, wanafikiri wamerudia mu ziwa!”

Wateja walicheka, wakanunua kwa wote wawili. Na kusema kweli, kidole kilikuwamo, na maji yalikuwamo.

Mama alipoanza kukonda alisema ni uchovu. Baadaye akasema ni minyoo. Mwisho akasema ni Mtani amemtazama vibaya. Tulipofanikiwa kumfikisha hospitali, mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha. Papa alivaa abakosti, lile koti lake la sherehe lenye kola, kana kwamba daktari angeona kola ile akapunguza ugonjwa. Daktari alimwacha Mama kwenye benchi la nje, akatuingiza mimi na Papa katika biro, ofisi yake, akatueleza kwa Kifaransa kwamba ni kansa ya ini, imekwisha kusambaa, na kwamba tumechelewa mno. Papa aliuliza kama kuna dawa Lubumbashi. Daktari akatikisa kichwa, akasema tumpe Mama chakula anachokipenda. Iliniuma vibaya. Niliwakasirikia wote: daktari na Kifaransa chake, Papa na kola yake, Mama na minyoo yake.

Nje, Mama alikuwa anamfundisha mgonjwa wa pembeni namna ya kutambua ndagala wenye mchanga. Papa akamwambia Mama ni vidonda vya tumbo. Hatukuwa tumepatana kusema hivyo. Uongo ulimtoka tu, na sisi wengine tukaufuata.

Nyumbani Papa alitoa amri: kusiwe na kelele, kusiwe na ugomvi, kusiwe na pilipili. Basi nyumba yetu ikawa na heshima mpaka ikachosha. Wadogo zangu wakawa wanaongea kama watawa. Samaki wa mikebuka, ambao Mama aliwapenda wakiwa wakali mpaka pua inatoka maji, wakapikwa chukuchuku. Papa mwenyewe, ambaye miaka yote aligombana na Mama kwa sababu Mama alikuwa anatoa betri za redio na kuzitia kwenye tochi yake, aliziona siku moja hazimo, akatabasamu. Kisha akamnunulia kitenge kipya, bila sikukuu.

Mama alinivuta pembeni, kitenge kikiwa mkononi. “Papa yenu amefanya nini? Ametafuta mwanamuke mwengine?”

Nikasema hapana.

“Basi hii kitenge inatoka wapi?”

Ilikuwa rahisi kwake kuamini kuna mwanamke mwingine kuliko kuamini wema wa bure. Nilikimbilia jikoni nikacheka, halafu nikalia.

Kilichotuumbua hakikuwa kitenge. Papa alikwenda sokoni, akamweleza Mtani ukweli wote, akamwomba aje kumwona mgonjwa. Tena aje kwa upole, akasema, asimchoshe. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri maana ya mtani kuja kwa upole. Mtani alifika Jumapili baada ya misa, amependeza, miguu imesuguliwa, mkononi ana chupa ya mafuta. Mama alikuwa amekaa mkekani uani. Alipomwona tu mlangoni alijiweka sawa, macho yakamwaka, akangoja.

Mtani akapiga goti. “Jambo, Mama. Unaamuka namna gani? Pole sana na maumivu. Mungu atakusaidia.”

Mama alimtazama Mtani, akaitazama chupa, akanitazama mimi.

“Mutani,” akasema, “kumbe ninakufa?”

Mtani akaangua kilio papo hapo, na chupa ikaviringika mpaka kwenye miguu ya Papa.

Mama akatuita sote. “Daktari alisema nini? Sitaki ile ya tumbo.”

Papa akakohoa. Akakohoa tena. Nikaona nikimwachia atakohoa mpaka Noeli, nikasema mimi, kwa Kiswahili, waziwazi: ni kansa, iko ndani ya ini, imesambaa, hakuna dawa ya kuiondoa. Mama alijifuta macho kwa pindo la kile kitenge kipya, na sisi tukalia pamoja naye, Papa kuliko wote. Aliogopa. Nilimwona akiogopa, na sikuwahi kumwona hivyo hata ziwa lilipochafuka tukiwa mtumbwini.

Kisha akavuta pumzi. “Na pilipili? Ile vilevile daktari alikataza?”

Nikasema hapana, daktari alisema ale anachopenda.

“Sasa nani alikataza?”

Sote tukamtazama Papa.

Mama alicheka wa kwanza. Halafu akatupa masharti yake, akinyoosha kidole kwa kila mmoja. “Muntu asiyetukanwa na mutani wake, huyo njo wamekwisha kumuzika. Miye ningali hapa. Papa, ukikosa betri, ugombe. Weye mwalimu, uache kuongea na miye kama mutoto wa darasa la kwanza. Na weye, Mutani, kesho urudi na kinywa chako. Siku yangu ikifika, usije ku kilio kulia kama wageni. Ufanye kazi yako.”

Kazi hiyo sote tuliijua. Siku ya mazishi mtani hulala mlangoni, na jeneza halipiti mpaka amemtukana marehemu, na mtu wa ukoo wa marehemu amemjibu.

“Sitaweza,” Mtani akasema.

“Utaweza. Unauzishia watu maji wanafikiri ni mafuta, utashindwa hiyo?”

Kesho yake alirudi. “Kidole chako...” akaanza, akalia. Mama akamwambia hiyo bure kabisa, atoke nje aingie upya. Akatoka, akaingia, akalia tena. Mara iliyofuata alisimama mlangoni, akashika kiuno, akapaza sauti. “Loo, kidole chako kimekonda! Sasa kopo itajaa ndagala, biashara yako itakufa!”

Mama alicheka mpaka akashika ubavu, akaomba maji. Tangu hapo masika ile ikawa ya matusi. Majirani walileta viti vyao. Papa na Mama waligombana kuhusu betri kwa sauti nzuri kabisa. Padri, mzaliwa wa Kirungu ambako utani wanaujua, alipokuja kumpaka mafuta ya wagonjwa, Mtani alipiga kelele kutoka jikoni: “Padri, ongeza! Ngozi ya huyo inakunywa sana! Ikipunguka, miye niko nayo!” Padri alibana midomo, akaendelea na sala, lakini mabega yalimtikisika.

Maumivu yenyewe hayakuwa ya kuchekesha. Kulikuwa na mchana ambao Mama aling’ata kitenge na kutufukuza wote, hata Mtani. Dawa ya kutuliza ilipatikana kwa taabu, na ilipochelewa alitutukana bila utani wowote. Ikishamwingia aliomba mikebuka na pilipili, akala kipande, akasema kuna mtu katika nyumba hii anaogopa chumvi.

Alifariki asubuhi moja mvua zikikatika, Papa amemshika mkono. Redio ilikuwa kimya, kwa sababu betri Mama alikuwa amezichukua.

Siku ya kumzika, wabebaji walifika mlangoni na jeneza wakamkuta Mtani amelala kizingitini. Alijifunga kile kitenge alichonunua Papa, ambacho Mama alimwachia, na mkononi alishika lile kopo, kidole gumba kimezama ndani.

“Huyu mwizi anakwenda wapi?” akaita. “Kidole kilifika Niemba, kikafika Kongolo, sasa anataka kukiuzisha kwa Mungu!”

Watu wakacheka. Yeye akangoja jibu, na jibu halikuja. Wajomba zangu walitazamana. Walitoka mbali na hawakujua matusi ya sokoni. Miaka yote aliyekuwa anamjibu ni mmoja, na huyo mmoja alikuwa ndani ya jeneza. Mtani akarudia, “Kidole kilifika Niemba...” na sauti ikampasukia. Nikaona sasa hivi atakuwa mliaji kama wengine, na kile kitu kimoja Mama alichokiomba kitapotea hapa mlangoni.

Basi mimi, mwalimu, na soksi zangu, nikapaza sauti ambayo hata darasani siitumii.

“Na weye mafuta yako iko na maji mingi! Ndagala wakiingia ndani, wanafikiri wamerudia mu ziwa!”

Mtani akainua kichwa. Alinitazama, machozi yanamtiririka, meno yote nje.

“Loo!” akapiga kelele. “Watu, mumebeba nani? Huyu mama hajakufa!”

Akasimama, akakung’uta kitenge cha Mama, akatupisha.