Mtungi wa Mwisho wa Bunim

Mke wangu Bunim hakujua kukaa. Ukimwambia pumzika, anakujibu atapumzika kaburini. Haya, amepumzika. Na mimi je?

Kila majira ya baridi alichemsha soya, akaziponda, akazifinyanga matofali, akayatundika darini kwa kamba za mabua ya mpunga mpaka yachache. Baridi ikipungua anayatia mitungini na maji ya chumvi. Rojo la soya alilopata humo alikwenda kuliuza gulioni, mvua na theluji, na ndilo lililosomesha watoto wetu. Mgongo ulipinda, mikono haikutulia.

Alipofariki, uani ulibaki mtungi mmoja. Nikaapa hauguswi. Nikaufunika kwa plastiki, nikakaza kamba, nikaweka jiwe juu. Bunim alikuwa mle, mtanisamehe, lakini ndivyo nilivyoona.

Binti yetu Miyon alinipigia simu kutoka mjini. "Baba, hamia kwetu. Utakaa huko peke yako mpaka lini?"

"Na mtungi nimwachie nani?"

Akakata simu. Kiangazi kizima nikala wali na kabichi ya chumvi, nautazama mtungi dirishani. Nyumba ilikuwa kimya hata nikikohoa nashtuka. Upweke usikie kwa mwenzio.

Siku moja jirani, Mama Gilsu, aliniletea matango. Akauona mtungi.

"Shemeji, umeufunga tangu lini?"

"Tangu mazishi."

"We mzee, akili umezipeleka wapi? Kitu hiki kinataka jua na hewa. Bunim alikuwa akifunua kila asubuhi, hukumwona?"

Nilimwona. Nilidhani anafuta vumbi.

Akaikata kamba mwenyewe. Kuvu la kijani lilikuwa limetanda, nene kama blanketi, na harufu ikatupiga. 

"Nimemuua mara ya pili," nikasema.

 Akachukua mwiko, akakwangua, akatupa, akakwangua. Chini kabisa likatokea rojo la kahawia, la kutosha sufuria moja. Akaonja, akafuta macho.

"Hili zima. Lakini halitakaa, shemeji. Lipike leo."

"Basi kaa tule."

"Hapana. Kuleni wawili, wewe na Bunim."

Nikapika lote. Lilikuwa tamu, utamu ule ule. Nikalia huku nakula, maana kila kijiko kilikuwa kinammaliza mke wangu, na bado nilikuwa na njaa.