Waya Ilibeba Ratili Ishirini

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini hesabu ya kitu inazunguka naijua vizuri sana. Iliniokoa mguu!

Miaka ya hamsini nilikuwa yaya kwa wazungu huko Spring Valley, msichana nimetoka magharibi juzi tu. Hiyo nyumba ilikuwa na mpishi. Woi, huyo mtu alinipiga! Chai ikipoa, kofi. Mtoto akilia, teke. Alitaka nitoroke ndio kazi yangu ipewe binti ya dada yake, na hakuficha.

"Rudi kwenu kabla sijakuvunja mguu," aliniambia huku anakata vitunguu.

Ningerudije? Mama yangu alikuwa mgonjwa, dawa yake ilikuwa hii kazi.

Sasa, makaa tuliwasha hivi: mkebe yenye matundu, kishikio ya waya ndefu, unazungusha na mkono. Inapita juu ya kichwa, inashuka, inapanda, mpaka makaa inakuwa nyekundu kama macho ya mlevi. Siku moja Memsaab, yule mama mzungu wa nyumba, alikuwa mwalimu wa sayansi, akasimama mlangoni.

"Yaya, kwa nini moto hapana anguka?"

"Inakimbia, Memsaab. Haina nafasi ya kuanguka."

Akacheka mpaka akakaa kwa ngazi! Akaleta mizani ya ndoano na saa. Mkebe na makaa yake, ratili mbili, kama kilo moja hivi. Akasema nikizungusha mara moja kwa sekunde, kule kuzunguka kunavuta ratili nane. Ikifika chini, ongeza uzito wa mkebe: kumi.

"Na mara mbili kwa sekunde?"

"Ishirini, Memsaab."

"Hapana! Mbio mara mbili, kuvuta mara nne. Thelathini na mbili, na mkebe yako, thelathini na nne!"

Tukachukua kipande ingine ya hiyo waya, tukatundika mawe. Ishirini ikabeba. Tukaongeza jiwe moja, paa! Ikakatika.

"Wewe angalia," akaniambia. "Ikikatika, itakatika chini. Mkebe itaenda mbele, moja kwa moja."

Ijumaa Memsaab akiwa shuleni, mpishi akanikuta uani na mkebe imeshika moto. Alibeba ukuni.

"Leo ni mguu."

Akanitandika mgongo, nikaanguka na mdomo, jino likatoka. Nikainuka na ile mkebe, nikazungusha. Moja. Moja. Moja. Akaruka nyuma.

"Weka chini, kichaa wewe!" Halafu akacheka. "Sawa, zungusha. Utachoka."

Na kweli nilikuwa nachoka. Nikipunguza, makaa inanimwagikia kichwani. Nikisimama, ukuni. Basi nikaongeza. Moja-mbili! Moja-mbili! Paa!

Ilienda mbele, moja kwa moja, chini chini, ikampata kwa muundi wa mguu. Mfupa ulilia kama muwa, ni vile tu haukuvunjika. Makaa ikaingia kwa zile viatu zake za tairi, akaruka, akapiga kelele, nyama inanuka, na mimi nacheka na damu kwa meno. Mungu anisamehe, bado nacheka.

Jumatatu, Memsaab ameshamweleza ile hesabu ya waya, alinikuta nasokota waya mpya. Akasimama mbali, anaegemea fimbo.

"Hiyo," akauliza pole pole, "inabeba ratili ngapi?"

"Arobaini, baba. Lakini hesabu yake naijua."

Akaingia jikoni. Chai ya siku hiyo alinipikia yeye, na hakunigusa tena.