Kuidanganya Mashine ya Moyo

Nina baridi yabisi, miaka mingi sasa. Asubuhi vidole havikunjiki mpaka nivibembeleze kwa maji ya moto. Hilo nimelizoea. Lakini mwaka jana moyo nao ukaanza vituko: unakimbia, unasita, unakimbia tena. Binti yangu anayeishi Singida Mjini akasema imetosha, niache shamba langu la alizeti hapa Sepuka, nihamie kwake. Mimi nikae mjini kulinda televisheni? Thubutu.

Hospitali wakanibandika mashine ndogo kifuani, niivae siku nzima, iandike mapigo yote. Daktari akaniambia niishi kama kawaida. Nikaona, ahaa, huu ni mtihani, na nikifeli shamba limekwenda. Kesho yake nikavaa kitenge cha kanisani, nikakaa kitini tuli kama mgeni anayesubiri chai. Jembe sikuligusa. Kuku wakaingia ndani wakala mtama wangu, nikawatazama tu, roho inaniuma. Jirani alikuja kunichokoza kama kawaida yake, nikamjibu kwa upole mpaka akauliza kama naumwa.

Nilirudisha mashine kifua mbele, binti yangu pembeni. Daktari akauliza jana saa tisa alasiri nilikuwa nafanya nini, maana moyo ulienda ovyo karibu saa nzima. Nikasema nilikuwa nimekaa. Na saa kumi na moja? Nimekaa. Ikabidi nikiri yote. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema jembe halina kosa. Ni ule uvimbe wa viungo unaoletwa na baridi yabisi, usipotulizwa huweza kuusumbua hata moyo. Je, dawa za viungo nameza? Nikaangalia dari. Nilikuwa nimeziacha tangu mavuno, vidole vilipopata nafuu. Hapo hakucheka tena. Alinieleza kwamba moyo ukienda hivyo damu yaweza kuganda, mtu akapooza. Akaniandikia dawa za moyo, akanirudisha kwenye zile za viungo, na shamba akaniachia, ila nilime kwa kiasi.

Tulipotoka nje na dawa mkononi nikamtania binti yangu kwamba jembe limeshinda kesi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Mama, mimi shamba lako silichukii. Ila kila simu ikiita kutoka Sepuka, naogopa kupokea."

Nikanunua maji, nikakaa naye kwenye benchi, nikameza vidonge mbele yake. Kisha nikafungua kinywa, nikainua na ulimi, aone mwenyewe kwamba nimemeza kweli.