Mabaki ya Mbao Yaliyokwenda Njombe

Mimi niliishia darasa la nne. Leo ukishuka Makambako ukauliza yadi ya mbao ya maana, hata dereva wa lori aliyeingia jana atakuelekeza kwangu. Sikubebwa na mtu. Ndiyo maana binti yangu alipomaliza kidato cha sita akasema anakwenda Njombe kwa shangazi yake, kufundisha hesabu shule ya msingi kwa kujitolea, nilicheka.

"Anakulipa nani?"

"Hakuna, baba."

Hakuna! Sijawahi kuona mtu akifanya kazi ya bure bila kuwa na kitu anachokitafuta. Na huyu ndiye mtoto ambaye mteja akiingia yadini anakimbilia stoo, na akibanwa asalimie, anaisalimia sakafu.

Kisha akaanza kuomba mabaki ya mbao. Jumamosi anakuja nyumbani, Jumapili anarudi Njombe na kiroba kimejaa. Nikajua: kuna kijana anajenga huko. Ameanza na mabaki, atamalizia na binti. Nikampigia dada yangu. "Mwanao anatoka asubuhi, anarudi jioni amechoka," akasema. Amechoka na nini? Akasema nimuulize mwenyewe.

Jumatano nikawasha pikapu bila kumuaga mtu, nimeazimia kurudi naye, kujitolea kuishe. Mlinzi wa shule akanipa salamu yake ya "Kamwene" na kunionyesha darasa, nikaitikia huku macho yanamsaka huyo kijana. Nikasogea dirishani pa darasa hilo.

Kijana hakuwepo. Mabaki yangu yalikuwa juu ya madawati, na watoto wameinama juu yake na rula.

"Mwalimu, hii umesema inchi mbili kwa nne," mmoja akasema, "lakini mbili haifiki. Ni moja na nusu na kidogo."

"Hata yetu!"

Binti yangu akaniona. Nilitegemea ashtuke. Akafungua mlango. "Mwenye mbao ndiye huyu. Karibu ndani, baba, uwaeleze."

Watoto wakasimama, shikamoo ikatikisa bati. Kusema nasema vizuri; nimesema na mabwana misitu, sembuse watoto. Nikawaeleza kwamba mbao ikipasuliwa mbichi, ikikauka inasinyaa. Wakaitikia kwa vichwa. Nikaona nimemaliza.

Binti akanipa kipande kimoja. "Na hiki, baba? Bado kinanuka utomvu."

Ni kweli, kilikuwa kibichi, hakijasinyaa bado, na mbili hakifiki. Nilikigeuzageuza.

"Hicho kilipasuliwa hivyo," nikasema. "Wote tunapasua hivyo. Mnunuzi anajua."

"Bibi yangu hajui," akasema kasichana ka mbele. "Yeye anaezeka sasa hivi."

Darasa likacheka. Binti hakucheka, wala hakutazama chini. Alinisubiri, kama ninavyomsubiri mimi mteja anayezungukazunguka bila kutaja bei.

"Mwambie bibi aje yadini na rula," nikasema.

Alinisindikiza hadi kwenye pikapu. "Ulikuja kunichukua?"

"Nani kakwambia?"

"Baba, hujawahi kufunga yadi Jumatano."

Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kumhoji mzazi mbele za watu. Akasema wale watoto. Ukiwajibu nusunusu wanakung'ang'ania mpaka useme yote, na yeye mwezi wa kwanza walimliza. Sikuamini sana. Bado nahisi yuko mtu nyuma yake. Lakini hakungoja nimruhusu. Kengele iligongwa, akageuka akaenda darasani kwake, nami nikarudi Makambako peke yangu.