Jini Aliyependa Halua

Kwa miaka miwili niliamini kwamba kaka yangu amefuatwa na jini mwanamke kutoka pango la Mangapwani, na kwamba jini huyo, tofauti na wenzake wenye heshima zao wanaoridhika na ubani na marashi, anataka halua. Mimi niliyekuwa namalizia kidato cha nne kwa masomo ya usiku, mkubwa kuliko mwalimu wangu wa hesabu, nilikuwa nakatiza mitaa yote ya Ng'ambo kumpelekea, kikapu cha halua mkononi kama mposaji.

Dalili zilikuwapo. Kaka alianza kwa miayo, miayo ya kumeza kitanda na kabati lake. Kamasi na machozi vikamtoka kama mfereji ulioachwa wazi, malaika ya ngozi yakamsimama mwili mzima. Hapo mama akisema mwenyewe keshafika, tukae mbali. Kaka hutoka mbio, anaitwa pwani, na akirudi ametulia, anakula halua huku anasinzia, na mama anasema anayekula si yeye, ni jini. Mama anafukiza udi. Majirani wanakuja kutupa pole. Darasani niliapa kwamba nimemwona jini kwa macho yangu, nywele zake zinafagia sakafu. Sikumwona, lakini mama angenidanganyaje?

Siku moja adhuhuri nilimkuta kaka ameanguka chooni, midomo imemgeuka rangi, pumzi inakuja moja moja. Hospitali wakamuwahi. Baadaye kaka, mama na mimi tukapelekwa kwenye kliniki wanakokwenda watu kila asubuhi kunywa dawa ya kuachia unga wa kulevya. Muuguzi akasema kaka atapokewa, ila watu wa nyumbani waseme ukweli: ameanza lini, na anatumia nini. Wakikosea, dawa inaweza kumdhuru.

Nikasimama mimi, msomi wa ukoo. Nikaanzia pangoni, nikamaliza kwenye halua. Muuguzi hakucheka. Alisema tu kwamba watumiaji wengi wa unga hupenda vitamu, kisha akamgeukia mama, akamuuliza kwa adabu kama naye anasema ni jini.

Mama alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Nlijua ni unga tangu mwezi wake wa kwanza," akasema. "Lakini mwenye jini watu wanakuja kumpa pole, mwanangu. Teja nani atamgongea mlango?"

Nilikaa chini. Udi alifukiza yeye. Kikapu alinipa yeye. Miaka miwili kaka angekuwa anatibiwa, mimi napeleka halua, nao wawili wananitazama napita. Nilitaka kupiga kelele za kusikika mpaka Kiwengwa. Ikatoka sauti ndogo tu, nikamuuliza kaka kama kulikuwa na jini hata siku moja, hata mdogo.

Muuguzi alishika kalamu. Kaka akanitazama mimi, si yeye.

"Hapana jini, bwana mdogo. Baba alipokufa nkawa silali, natamani nami nife. Mwenzangu wa kazi, jikoni hotelini, akanipa nvute, nkalala. Baadaye kila nikiacha naumwa, narudia. Ni unga, kila siku, miaka miwili na nusu."

Muuguzi akaandika. Akasema ile huzuni nayo ni maradhi, inaitwa sonona, na vyote viwili vitatibiwa pamoja.

"Na halua?" nikauliza.

"Nlikuwa nakula mimi."