Ngazi ya Mama Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye studio ya picha Kariakoo, Fundi Mkuu alinipa chaki akasema nichore mtaa wangu. Ninyi mnaopiga picha kwa simu hamjui: ukutani lilitundikwa pazia, turubai kubwa lililochorwa mji, na mteja alisimama mbele yake. Basi nikachora mtaa wetu, nyumba yetu ikiwa katikati, na baraza ambapo mke wangu alikaangia vitumbua.

Fundi Mkuu hakuchukia. Alisema nyumba ibaki, watu wanapenda kuona kwao. "Ila katikati ni pa mteja, usihangaike napo. Pembeni ndipo pa kumtoa ushamba."

Nikaivuta bahari ya Kivukoni hadi mlangoni kwa jirani, nikapitisha ndege juu ya mabati, kando nikaweka ngazi ya marumaru na vyungu vya waridi. Wateja wakajaa. Nilikuwa hodari bwana, sikatai.

Fundi Mkuu alipofariki, meneja aliyemfuata akaleta kompyuta, na pazia likakatwa kufunikia meza za mitumba. Nikastaafu bila hata kuagwa. Ndugu zangu nao wakauza nyumba yetu ile, ya urithi, ikavunjwa, likajengwa ghorofa. Sisi tukahamia chumba cha kupanga Buguruni.

Huko mke wangu, Mama Zuhura, akaugua. Akiwa kitandani aliniomba kitu kimoja tu, nimchoree nyumba yetu ukutani aione tena. Nikakusanya picha zote za studio tulizobaki nazo, hata ile ya sisi wawili na Zuhura mchanga. Jamani! Kila picha ndege ipo, bahari ipo, na pale penye nyumba amesimama mtu.

Nikachora kwa kichwa. Mlango ulikuwa wa buluu au wa kijani? Sikumbuki, na inaniuma mpaka leo. Mkono nao ukaenda ulikozoea. Nilipomaliza, mke wangu alinyoosha kidole pembeni.

"Baba Zuhura, hii ngazi ya nani? Sisi hatukuwa na ngazi."

Nikamwambia nitaifunika rangi ikishakauka. Alifariki kabla haijakauka.

Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, wanangu. Siku ya msiba watu walikaa mkekani chini ya ukuta ule, wakanipa pole, na karibu wote wakaisifu ngazi.