Moto wa Onora

Siku hizi watu hulala moto umezimika na asubuhi wakawasha mwingine kwa jiwe na chuma, lakini zamani zetu hapa Tipperary moto wa jikoni ulirithiwa, mama akimwachia binti, wala hakuna aliyejua uliwashwa lini.

Moto wa Onora ulikuwa hivyo. Mumewe, Feilim, aliuawa vitani akiitetea misa. Waingereza waliposhinda, wakagawana nchi yetu. Amri ikasomwa: Mkatoliki mwenye ardhi avuke mto Shannon na watu wake, aende Connacht, magharibi, kwenye mawe. Atakayekutwa huku Mei mosi ikishapita, atauzwa ng'ambo. Mimi, jirani wa Onora, sikuwa na ardhi. Waliniacha niwalimie wageni.

Siku ya mwisho ya Aprili ng'ombe wa pekee wa Onora alikuwa anazaa. Onora hakuweza kumwacha, maana maziwa yale ndiyo yangewalisha binti zake wawili njiani. Kesho yake nilikuta ndama amesimama, mkokoteni umepakiwa, naye Onora ameketi tu.

"Dada Onora, jua linapanda. Ondokeni!"

"Leo Mei mosi, Diarmad. Moto hautolewi nyumbani Mei mosi. Ukitoka, bahati inatoka nao."

"Bahati gani? Hata panya wa nyumba hii wameshafika Connacht!"

Gormla, binti mkubwa, akacheka, kisha akaanza kulia. "Mama, tuuache."

"Bibi yako alizaliwa mbele ya moto huu. Huko tutaota wa nani?"

"Basi uzime!" nikafoka.

Akanitazama kana kwamba nimemwambia amnyonge mtoto. "Nenda ukawalimie mabwana zako, kaka. Sisi tunatoka kesho alfajiri."

Nikaenda. Ningeweza kuwaburuta, sikuwaburuta. Moyoni nami niliuogopa mwiko ule.

Alfajiri nilipofika, askari walikuwa wamenitangulia. Ng'ombe na ndama wameshaswagwa.

"Ilikuwa jana, mama," sajini alisema, akipiga miayo.

Mara ya mwisho niliwaona kwenye njia panda. Hawakushika ile ya magharibi. Walishika ya Waterford, kwenye meli za ng'ambo. Walifungwa kamba moja, Onora katikati, na kwenye mkono wake mmoja sufuria ya chuma yenye makaa ya moto wake ilikuwa bado inafuka moshi.